Limezimika au Amezimika?

Jumapili, 4 Mei

Nimetukanwa na televisheni. Si mimi hasa, ni Nati, lakini ni yale yale.

Leo ilikuwa sehemu ya pili kutoka mwisho ya tamthilia ya Nyuma ya Mwezi. Nati, roboti wa usafi, kiumbe pekee mwenye akili katika chombo kilichojaa wanadamu wapumbavu, kaingia kwenye tangi la kupoozea injini ili azibe tundu. Kazimika humo humo. Kamanda kaja, mikono mfukoni, kasema: "Limezimika. Litupeni stoo." Limezimika! Baada ya kuwafutia vumbi msimu mzima! Waandishi walikuwa wapi? Nani aliyasoma maneno hayo akaona yanafaa?

Niliruka kitini nikasema ni amezimika. Shemeji, mume wa dada yangu, fundi wa majokofu, akasema bila hata kunyanyua kichwa kwenye kochi kwamba Kamanda yuko sahihi, mashine ni mashine. Kochi ni lake, televisheni ni yake, nikanywea. Lakini nimeapa. Kabla ya sehemu ya mwisho, Jumapili ijayo, kinywa cha shemeji kitatamka "amezimika". Na sehemu hiyo nitaiona pale pale kwao, maana chumbani kwangu sina televisheni, na simu yangu ina ufa unaoukata uso wa Nati vipande viwili.

Jumatatu, 5 Mei

Kazini, kwenye duka la dobi. Mpango wa kwanza: kura ya wananchi. Kila aliyekuja kuchukua nguo kaulizwa kwanza, limezimika au amezimika? Wengine hawajawahi hata kuiona tamthilia yenyewe. Aibu! Mhasibu mmoja kasema inategemea. Inategemea nini? Nikaanza kumfafanulia. Katikati ya ufafanuzi, harufu. Pasi ilikuwa imelala kifuani mwa shati lake.

Bosi kaja mbio. Nikamwambia pasi imeunguza. Kasema pasi haina akili, mwenye akili ni mimi, ingawa kwa leo hana hakika. Sikuipenda hoja hiyo. Inamsaidia shemeji.

Na ni bosi huyu huyu aliyenibandika jina la Pasi. Sasa ni mtaa mzima. Pasi imefika? Pasi imechelewa. Imechelewa! Mimi, mtu mzima, nina dada, nina ndevu! Inaniuma. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 7 Mei

Mpango wa pili: ushahidi. Karakana ya shemeji iko nyuma ya nyumba yao. Nilijibanza nyuma ya friza bovu, simu mkononi, inarekodi. Haukupita muda, shemeji akaliinamia jokofu moja kuukuu, akaligongagonga ubavuni, akalibembeleza: haya mzee wangu, amka basi, usiniaibishe mbele za watu. Mzee wangu! Nikachomoka nikipiga kelele kwamba nimemkamata. Spana ikamponyoka, ikatua kwenye kidole gumba cha mguu.

Alipomaliza kurukaruka, akasema hiyo ni lugha tu ya kazi, hata gari lake hulibembeleza likigoma. Hulibembeleza. Likigoma. Mtu huyu hana moyo! Na nimesikiliza nilichorekodi. Ni pumzi zangu tu, mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, 8 Mei

Maafa.

Nilikuwa jikoni kwa dada, namweleza ubishi wa mumewe. Hasira zikanipanda. Nikasema limerudi kazini, limekula, limejitupa kwenye kochi, na kichwani hamna kitu. Dada akauliza ni kitu gani hicho kilichojitupa kwenye kochi. Nikasema mumeo. Mumeo alikuwa amesimama mlangoni, anachechemea, kaja kutafuta barafu ya kidole.

Dada hakupaza sauti, na hapo ndipo anapotisha. Akasema mume wake si kopo, na nisipomwomba radhi kwa kinywa changu, sehemu ya mwisho nitaitazama ukutani kwangu. Nilitaka kumwambia kwamba hapo ameielewa hoja yangu barabara, kwamba hiyo "li" inauma, hata kwa roboti. Lakini alikuwa ameshika mwiko.

Jumamosi, 10 Mei

Nilipitia kwa mama yake shemeji, ambaye husinzia kila tamthilia inapoanza. Nilitaka aniombee msamaha. Kwanza nikamuuliza kuhusu Nati. Akasema yule kijana wa bati ana adabu sana, je, ameoa? Kura moja ya uhakika! Kuhusu msamaha, akasema mdomo uliotukana si wake.

Ikabidi niende mwenyewe. Nikamwambia shemeji samahani kama alikasirika. Sauti ya dada ikatoka chumbani: rudia. Nikasema samahani kwa yaliyotokea. Rudia! Nikasema samahani shemeji, nilikuita kitu na wewe ni mtu. Shemeji akacheka, akasema yeye ameshasahau, kinachokumbuka ni kidole. Akaniambia kesho niwahi, nikae naye kwenye kochi.

Kwenye kochi! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili, 11 Mei

Nilikaa kwenye kochi. Nati akawashwa tena, nikapiga makofi peke yangu. Kisha chombo kikashika moto. Kamanda akanaswa chini ya mlango wa chuma, na Nati, Nati wangu, akaubeba mlango mgongoni mpaka Kamanda akatoka. Kamanda yule yule wa "litupeni stoo"! Mlango ukamshukia Nati.

Nikageuka. Shemeji alikuwa analia. Fundi wa majokofu, machozi hadi kwenye masharubu. Akanishika mkono.

"Amekufa, Pasi," akasema. "Amekufa, masikini."

Kinywa kimetamka. Tena kimezidisha! Ningenyamaza hapo, ningekula na chakula cha jioni. Lakini nanyamazaje? Mwenye akili timamu hawezi kufa kwa ajili ya Kamanda! Waandishi wamemharibu. Nati ninayemjua mimi angeuacha mlango ushuke, akaenda zake kufuta vumbi. Yule wa leo ni kopo linalofuata amri.

"Limezimika," nikamsahihisha.

Shemeji akauachia mkono wangu. Mama yake, aliyekuwa anasinzia kando, akazinduka, akauliza nani anamsema vibaya kijana wa bati. Dada akaenda kufungua mlango wa nje, akaushikilia tu mpaka nikapita.

Nimewasamehe. Hawajui uandishi ni nini. Kesho naanza upya na wateja, na hakuna atakayetoka na suruali yake kabla hajasema limezimika.