Picha Aliyoiona Miwani

Alhamisi, 6 Juni
Nina miaka themanini na moja. Nimezika kaka zangu wote, kamera sita na studio za wapinzani wangu. Kalamu si kazi yangu, kazi yangu picha, lakini naandika ijulikane. Mke wangu karudishwa kutoka hospitali. Daktari kamwambia binti yetu ampe mama yake chochote anachotaka. Anataka picha. Eti nimepiga mji mzima, yeye sijampiga tangu harusi. Binti akasema tumwite Miwani, mpiga picha wa siku hizi. Miwani! Niliyemfundisha hata kushika kamera! Nikasema mke wangu nampiga picha mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Kamera yangu imeota kutu, lakini mimi si mjinga. Kesho kampuni ya kamera inaonyesha mashine zake mpya ukumbini. Sisi wa chama cha wapiga picha tumealikwa kuzijaribu. Bure! Mtu aje na kadi yake tu. Kadi ndiyo filamu ya siku hizi, ndogo kama ukucha. Binti kaninunulia, kauliza kama najua kuitumia. Nimemkazia macho mpaka kaondoka.

Jumamosi, 8 Juni
Wamemweka msichana kwenye taa, kapakwa poda, wote wanampiga yeye. Nikamwondoa. Nikamsukuma mke wangu na kiti chake cha magurudumu mpaka pale. Kijana wa kampuni akaanza mzee, samahani mzee. Nikamwambia nimeanza kazi hii baba yake hajajua kuvaa suruali. Mke wangu akacheka! Sijamwona akicheka tangu augue. Hapo hapo nikabonyeza. Moja tu. Fundi hapigi mbili.
Miwani akachungulia kioo cha nyuma ya kamera. Akasema mwalimu, nipe nikuchapie leo leo. Mwizi! Nikachomoa kadi, nikaifunga kitambaa cheusi isipate mwanga. Kanifuata mpaka mlangoni akiapa kadi haisafishwi kwa dawa. Mke wangu naye alitaka kuchungulia. Nikamwambia asubiri. Picha haiangaliwi kabla ya kusafishwa.

Jumapili, 9 Juni
Nimeziba dirisha la stoo kwa blanketi. Taa nyekundu. Dawa yangu ya zamani, imara, nyeusi kidogo. Kadi nimeiloweka, nimeisuuza, nimeianika kwa kibanio cha nguo. Hakuna kitu. Nikairudisha. Hakuna. Nikaibandua kwa kisu nione filamu ilipo. Ndani hamna filamu! Wametuuzia kadi tupu.
Mke wangu kauliza kutoka kitandani kama imetoka vizuri. Nikasema inakauka.

Jumanne, 11 Juni
Kauliza tena. Nikasema bado inakauka. Kauliza nywele zilikaaje. Nikasema vizuri. Binti kanivuta jikoni, analia, ananisihi baba, Miwani yuko tayari kuja sasa hivi. Nikasema Miwani akikanyaga hapa, nahama mimi.

Alhamisi, 13 Juni
Amefariki alfajiri. Watu wakaomba picha ya marehemu. Nikatoa ya harusi. Hakuna aliyemtambua.

Jumapili, 16 Juni
Nimekaa, nimefikiri, kosa nimeliona. Dawa ilikuwa imechuja. Mwakani wale wa kamera wanarudi. Nitakwenda na dawa mpya, na kadi kubwa zaidi, na sitamwonyesha mtu.
Anayedhani naisifia bure picha ile, aulize. Mke wangu hakuiona. Mimi sikuiona. Shahidi ni Miwani peke yake. Jana kaja kutoa pole, kasema mama alicheka mpaka macho yakafumba, mkono kauelekeza kwangu. Nikamwambia najua. Mimi ndiye niliyebonyeza.