Bega la Kushoto la Daktari

Jumatatu, 3 Juni
Nimeacha bangi. Rasmi! Mke wangu amesema fundi anayeshona suruali yenye miguu miwili ya kushoto ni mgonjwa. Shemeji, mdogo wake, tunayeshona naye chumba kimoja, akacheka mpaka akapaliwa. Akaapa sifiki Jumapili. Nikamwambia nikishindwa achukue meza yangu ya dirishani. Mke akasema yeye ndiye shahidi. Meza ile! Mteja akipita barabarani, wa kwanza kuonekana ni mimi.

Mbinu: kimfuko cha bangi kilichobaki nimekishonea ndani kabisa, mahali ambapo fundi mwenye heshima zake hafumui. Kabla ya hapo nilivuta msokoto mmoja wa kuagana nao. Ustaarabu tu.

Jumanne, 4 Juni
Daktari wa zahanati kaja kujaribu koti lake. Jumamosi atazungumza na wazazi. Kuhusu nini? Bangi! Mimi pini mdomoni, yeye anahubiri. Eti moshi ule huvuruga pale ubongo unapohifadhi mambo mapya. Eti ubongo ukizoea huanza kudai, na ukiunyima, usingizi unakimbia, hasira zinapanda, chakula hakishuki. Si kila mvutaji, akasema, ila wapo wanaonasa. Nikasema nawahurumia sana watu dhaifu. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akalalamika bega la kushoto limekaa juu. Nikamwambia koti halina kosa, ndivyo alivyoumbwa. Akaondoka nalo.

Jumatano, 5 Juni
Sikulala. Godoro hilo. Nimegombana na mkasi, kisha na shemeji, ambaye kosa lake ni kupiga mluzi. Chakula nimekirudisha jikoni. Mke akauliza naumwa nini. Nikasema joto. Akatazama nje, mvua inanyesha.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeona busara kuhakikisha kimfuko kiko salama. Kuhakikisha tu! Ila sikumbuki nilikishonea wapi. Nimefumua mto. Nimefumua pazia. Nimefumua pindo la gauni la mke, lile la kutokea. Kanikuta nimekaa katikati ya pamba kama kuku anayeatamia, akauliza natafuta nini. Nikasema wadudu. Akasema wadudu anawajua, wako kichwani mwangu.

Shemeji ameipima meza yangu kwa futi. Mchana kweupe!

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi umejaa. Nimekaa nyuma na mke, shemeji kando yetu. Daktari kasimama jukwaani, na mimi nikaliona bega. La kushoto. Limevimba kama andazi. Nikakumbuka yote!

Naapa, kilichoniinua ni fahari ya kazi. Fundi gani angeacha bega kama lile mbele za watu? Nikapanda na mkasi mdogo. Nikamnong'oneza daktari kwamba kuna uzi umelegea. Akasema: kaa, mzee mwenzangu, uzi utasubiri. Nikasema hauwezi kusubiri. Nikafumua. Kimfuko, pu! Juu ya meza, mbele ya kipaza sauti.

Daktari akakiokota, akakinusa, akawauliza wazazi nani yule aliyetaka kujua kama bangi inaweza kumnasa mtu. Ukumbi mzima ukanitazama mimi na mkasi wangu. Shemeji alicheka peke yake kwa niaba ya ukoo wake.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji yuko dirishani. Amebandika hata kioo. Nimesogezwa karibu na choo. Mke hakugomba, na hilo ndilo linaloniogopesha. Amesema tu kwamba kesho tunakwenda kwa daktari pamoja, na kwamba anamtaka yule mume aliyekuwa akikumbuka alichotumwa dukani. Nikaitika. Nimemaanisha, kwa kweli.

Nimetafakari na nimeliona kosa. Bega! Bega huvimba. Nani alinituma kwenye bega? Mahali salama ni kola. Basi jioni nimechukua kimfuko kingine kidogo kwa fundi baiskeli, si cha kuvuta, cha kujipimia msimamo, nikakishona vizuri ndani ya kola moja, kimelala, hakionekani kabisa.

Sasa kuna makola kumi na mawili hapa mezani.