Mshale wa Binti Yangu Haujadumaa

Jumatatu, 9 Juni
Leo nimeshona kwa furaha mpaka uzi ukawa unakatika. Mwalimu wa fizikia atachagua mchoro mmoja wa vekta, ile mishale ya nguvu, utundikwe mbele Ijumaa, kwenye mkutano wa wazazi, na mchoraji asimame auelezee. Mchoraji ni binti yangu. Mwalimu hajasema bado, ila wateja wangu wote nimeshawaambia.

Jioni akapita Msusi, jirani yangu wa saluni, ambaye binti yake anakaa dawati moja na wangu. Akautazama mchoro mezani. Akasema, jirani, mtoto anajitahidi, ila mshale wake umedumaa. Wa binti yake unakaribia kuvuka karatasi.

Usiku nikala nikiutazama ule mshale.

Jumanne, 10 Juni
Nimemhoji binti. Akanieleza kwa upole, kama anavyomweleza bibi yake mambo ya simu. Mishale ni nguvu mbili zinazovuta kigari: nyutoni thelathini kwenda mashariki, nyutoni arobaini kwenda kaskazini. Yeye kachora sentimeta moja kwa kila nyutoni kumi, kwa hiyo mshale wa jumla, unaokatiza katikati ya hiyo miwili, umetoka sentimeta tano, yaani nyutoni hamsini. Mwenzake kachora sentimeta moja kwa kila nyutoni tano, wake ukatoka sentimeta kumi. Ni nguvu ileile, mama, akasema, skeli tu ndiyo tofauti.

Huyu mtoto ana moyo mweupe mno. Kazidiwa mara mbili na bado anamtetea aliyemzidi.

Nikaenda saluni, nikajifanya nataka kusuka. Mchoro wao umebandikwa pembeni ya kioo, wateja wauone vizuri. Msusi alipoinama kutafuta kitana, nikauwekea utepe wangu wa kupimia. Kumi kamili. Akageuka, akaniuliza napima nini. Nikasema napima kioo, nikishonee pazia. Nani anawekea kioo pazia? Nikaondoka nimesukwa nusu kichwa.

Jumatano, 11 Juni
Binti alipokuwa anaoga, nikaufungua mchoro. Kalamu, rula, mkono wa fundi. Mshale wa jumla nikauvuta mpaka kumi, tulingane na Msusi. Halafu nikaongeza sentimeta mbili za mshono, maana mimi sijawahi kukata kitu nisiache za mshono. Kichwa cha mshale nikakipaka wino mwekundu. Ukapendeza hasa. Akaubeba ulivyokunjwa, hakuufungua.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeitwa shule. Mwalimu akaniwekea mchoro mbele. Sentimeta kumi na mbili, akasema. Ukiusoma kwa skeli iliyoandikwa hapa chini ni nyutoni mia na ishirini. Thelathini na arobaini, hata zingevuta upande mmoja, zingefika sabini tu. Kwa mchoro huu, mama, kigari kimetoboa ukuta. Akasema utatundikwa wa binti wa Msusi, labda wangu achore upya na kuleta kesho asubuhi.

Binti alikitazama kile kichwa chekundu. Akanitazama mimi. Kisha akamwambia mwalimu kuwa amekosea mwenyewe, alikuwa na haraka. Nikataka kusema, nikaishia kuukunja mchoro. Njiani akaniambia hana hasira na mimi hata kidogo. Ila leo anakwenda kuchorea kwa shangazi yake, na rula ameondoka nayo.

Ijumaa, 13 Juni
Imetundikwa michoro yote miwili, mpya wa binti yangu na ule wa binti wa Msusi, ubavu kwa ubavu. Mwalimu akataka kila binti ausome mchoro wa mwenzake. Wangu akapima kumi, akazidisha kwa tano: hamsini. Wa Msusi akapima tano, akazidisha kwa kumi: hamsini. Wazazi wakapiga makofi. Binti yangu alisimama wima, sauti yake ikafika viti vya nyuma, nami nikalia na kujifuta kwa kitambaa cha mteja. Msusi akaninong'oneza kuwa watoto wetu wametoka sare. Nikamwambia ndiyo, shoga.

Sare ipi? Wake ulitundikwa juu kidogo. Vidole viwili hivi. Nimeuona.

Jumamosi, 14 Juni
Kuna kazi mpya. Kila mwanafunzi achore ramani ya darasa lao kwa skeli. Binti kanipigia simu kutoka kwa shangazi yake kuniambia kwamba ukurasa mmoja wa daftari unatosha, nisihangaike. Nimemwitikia vizuri.

Msusi kanunua karatasi mbili za manila. Amepita nazo mbele ya cherehani yangu polepole, kazibeba nje nje kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi nimekata kitambaa cha shuka mita sita, nikaunganisha na vingine ubavuni. Darasa zima litaenea humo, na madawati yake, bila kupunguzwa hata kidole. Skeli nimeshaiandika pembeni kwa chaki ya fundi: mita moja kwa mita moja. Binti akirudi atafurahi.