Mgomo wa Video Nisiyoitazama

Jumatatu, 6 Mei
Kiti cha mkuu wa kitengo cha malalamiko kiko wazi. Nakistahili. Miaka sita niko hapa, na hakuna mtazamaji aliyewahi kukasirishwa na jibu langu. Huwa sijibu. Tatizo ni Miwani, jirani yangu wa meza. Huyu huwahi kazini kila siku. Hana aibu.

Leo ofisi imechafuka. Kampuni imerusha mtandaoni video mpya ya mchekeshaji maarufu, dakika kumi nzima akiwaiga viziwi. Wenzangu wanataka iondolewe, la sivyo Alhamisi wanatoka nje wote. Mama Manukuu, anayeandika maneno ya chini ya video zetu, aliamriwa kuiandikia hiyo pia. Akakataa. Binti yake ni kiziwi. Kapewa barua ya onyo.

Nimeona upenyo. Nitaongoza mgomo. Mkurugenzi ataniogopa, atanipa cheo ninyamaze.

Jumanne, 7 Mei
Kikao cha wagomaji, chumba cha chakula. Nikapanda juu ya kiti. Nikawaka. Makofi! Miwani akauliza, kwa upole wa kuudhi, ni sehemu gani ya video iliyoniumiza zaidi. Nikasema wimbo wa mwisho.

Kumbe video haina wimbo.

Nikafafanua kwamba nilimaanisha wimbo wa ndani, wa moyo. Wawili wakaitikia kwa kichwa. Uongozi kapewa Miwani. Mimi nimepewa bango. Ni bango kubwa, lakini.

Nyumbani mke wangu kauliza kwa nini nisiitazame tu hiyo video. Dakika kumi! Nikamwambia nina kazi nyingi.

Jumatano, 8 Mei
Busara imenijia bafuni. Mgomo ukishindwa je? Nimemwandikia mkurugenzi barua pepe: nina homa, kesho sitatoka kitandani, ila moyoni niko na kampuni. Sasa niko salama pande zote mbili. Sijui kwa nini watu hawatumii akili.

Alhamisi, 9 Mei
Saa nne tukatoka, watu arobaini na wawili. Nikainua bango: KIZIWI SI KICHEKESHO. Upepo ukavuma. Bango likamshukia Miwani kichwani. Sikukusudia. Sikujuta sana pia. Mwandishi wa habari akapiga picha. Nikatabasamu, ni mazoea.

Kufika saa sita picha ilikuwa kila mahali: bango, meno yangu yote, Miwani chini. Saa sita na dakika tano mkurugenzi akajibu barua pepe yangu. Neno moja tu: "Pole."

Ijumaa, 10 Mei
Nimeitwa kwa mkurugenzi. Nikamkuta Mama Manukuu na binti yake, mshonaji, msichana mtu mzima mwenye futi ya kupimia shingoni. Nikaambiwa nikae pembeni, zamu yangu inakuja.

Binti alisema kwa mikono, mama akatafsiri. Kwamba tangu video itoke, watu wanaingia dukani kwake wakimwiga mbele yake huku wakijirekodi. Jana mwanamume alileta suruali, simu ikiwa tayari imewashwa. "Nilidhani kaja kushonesha," mama akatafsiri, sauti ikamkatika. Binti akamfuta machozi, kisha akaendelea. Hakukuwa tena na wa kutafsiri. Mkurugenzi aliitazama mikono ile mpaka ikatulia.

Mimi nilikohoa. Kiyoyozi kile kina vumbi.

Ndipo akanigeukia. Wewe mgonjwa wetu mwenye bango, video hii unaionaje? Nikatoa ukweli wa kwanza wiki hii: sijaitazama, mheshimiwa. Nikangoja radi. Badala yake akashusha pumzi, akasema hata yeye bado.

Tukaitazama, yeye na mimi. Mama na binti waligeuzia viti dirishani. Dakika kumi ni nyingi mno. Sikucheka hata mara moja, na mimi hucheka hata matangazo ya sabuni.

Jumatatu, 13 Mei
Video imeondolewa. Mkurugenzi kaichana barua ya onyo ya Mama Manukuu mbele yetu sote, akamwomba radhi. Watu wakapiga makofi. Kisha akatoa barua nyingine ya onyo, mpya. Yangu. Sababu: homa.

Mkuu wa kitengo ni Miwani. Bado ana bandeji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuniletea malalamiko elfu moja na mia nne, yote ya mashabiki wa mchekeshaji, nijibu moja moja.

Lakini sijakata tamaa. Kampuni inatafuta mshauri wa lugha ya alama. Ofisi ya peke yangu, mlango wenye kitasa! Nimeomba tayari. Uzoefu nimeandika miaka sita. Tangu asubuhi nimejifunza alama mbili: "asante", na nyingine ambayo ama ni "chai" ama ni tusi.

Usaili ni kesho. Wasaili ni watatu, wote viziwi. Nimefarijika. Hawataniuliza mengi.