Kifaransa cha Kutibia Ng'ombe

Jumatatu, 9 Februari
Nimepata njia ya mkato. Ili niingie chuo cha udaktari wa wanyama, lazima kwanza nisome digrii nyingine na nipate alama za juu. Mshauri wa chuo, mama mpole, kasema somo kuu naweza kuchagua lolote. Akaendelea na habari za kemia. Sikumfuata, nilishasikia "lolote". Nachukua Kifaransa. Mimi mzaliwa wa Bukavu! Alama za bure. Nkatha, binti wa Kikenya ninayesali naye, kachagua biolojia ya wanyama. Maskini, atatoka jasho.

Jumanne, 10 Februari
Mama kafurahi. Alishatangaza kanisani hapa mtaani kwetu ugenini, Doonside, kwamba mwanawe Olivier ni daktari. Watu wawili wameniletea habari za mbwa wagonjwa. Nimeshauri wapewe maji.

Alhamisi, 12 Februari
Mtihani wa kupangiwa darasa la Kifaransa. Kuongea, niliongea kama maji ya mto. Kisha tukaambiwa tuandike. Kumbe Kifaransa kina herufi nyingi zisizotamkwa, na mimi zote niliziacha. Nimewekwa na wanaoanza, kando ya mzee wa mtaa wa Granville anayetaka kwenda kutalii Paris. Kanisahihisha mara mbili.

Ijumaa, 13 Februari
Nimerudi kwa mshauri. Kanieleza tena, polepole: somo lolote, ila kemia, biolojia na biokemia lazima nifaulu. Kasema nichague ninachokipenda, maana ndicho nitakachofanya vizuri, na chuo cha udaktari kikinikataa nitabaki na kazi ya kufanya. Tena nizoee wanyama. Hilo la mwisho nililiona jepesi. Nikampigia Nkatha.

Jumamosi, 14 Februari
Nkatha hujitolea kwenye kliniki ya wanyama, mtaa wa Ingleburn. Kanipeleka. Nikapewa paka nimshike. Paka akaishia juu ya kabati, mimi juu ya kiti. Nkatha akatubembeleza wote wawili kwa sauti ileile hadi tukashuka.

Kwenye treni akaniuliza, "Olivier, unapenda wanyama ama unapenda kuitwa daktari?"

Nikamsimulia mbuzi wa nyanya yangu aliyeshindwa kuzaa. Nilikuwa mdogo, mkono wangu ndio uliopita ndani kumvuta mtoto. Mwanambuzi alipopiga chafya, nililia. Sijawahi kumwambia mtu.

Nkatha akasema, "Basi chukua biolojia. Tutasoma pamoja."

Nikamwahidi. Nililala nikiwa mtu mwingine.

Jumatatu, 16 Februari
Siku ya mwisho ya kubadili somo. Nilifungua ukurasa wa chuo, nikatafuta biolojia, nikaipata. Chini kidogo nikaona falsafa. Wanasema huko hakuna jibu lenye makosa. Alama za bure! Kemia nitaibana pembeni. Nimejiandikisha.

Nimemwandikia Nkatha kumwarifu, naye kapiga simu kuuliza kwa nini. Nimetafuta jibu, sikupata hata moja.

Nadhani masomo yameshaanza.