Fomu Isiyojua Kusema Hapana

Bwana Meneja,
Kampuni ya Majina ya Tovuti Teru-Teru,
Montevideo.

Mheshimiwa,

Natumai u mzima. Sisi wa Ushirika wa Jibini wa Cardal tu wazima kiasi. Mimi ni Nélida Bentancor, katibu, na kwa heshima zote nailalamikia fomu yenu ya mtandaoni, ile ya kuunganisha jina la tovuti na tarakimu za kompyuta inayoihifadhi.

1. Jumatatu, kwenye kisanduku cha tarakimu, niliandika "Muulize Wáshington", maana Wáshington, mkamuaji wetu, ndiye anayezijua, na alikuwa zizini anakamua ng'ombe. Fomu ikajibu: "Imehifadhiwa. Asante." Tovuti yetu ikatoweka palepale. Nikawapigia simu. Binti akaniambia, "Mama, hapo wanaweka tarakimu tu." Nikamuuliza, "Sasa mbona imekubali?" "Aa, Mama, hiyo hukubali chochote." Alisema kwa fahari, Bwana Meneja.

2. Kesho yake, tarakimu sahihi za Wáshington mkononi, penye jina la tovuti nilinakili kwa bahati mbaya jina la tovuti ya daktari lililokuwa kwenye kadi yangu ya miadi ya meno. Fomu haikuuliza hata, "Nélida, hili ni lako?" Tangu hapo anayetafuta kung'olewa jino anafika kwenye tovuti yetu ya jibini. Daktari Iturburu alinijia ofisini, chupa ya maji moto ya chai kwapani, akifoka: "Wee Nélida! Mtu kavimba shavu, ananiuliza kama nina jibini ya kukwaruza!"

3. Shemeji yangu Aníbal, katika kujaribu tu, badala ya jina aliandika amri kwa lugha ya kompyuta: nionyeshe wateja wote. Ikamwonyesha wote, zimamoto, wauza majeneza, hata parokia, pamoja na nywila zao. Mbwa wetu mwenyewe hubweka kwanza, ndipo amlambe mgeni.

Kwa hiyo naomba fomu ifundishwe kukataa. Ikishindikana, mwajirini mama mkwe wangu, Doña Hermelinda, miaka themanini na moja, aliyekwisha kuwakataa wachumba wanne na askofu mmoja. Atakuja na kiti chake.

Wasalimie wote hapo, hasa binti wa simu. Mwambie sina kinyongo.

Wako, ninayengoja kukataliwa ipasavyo,

Nélida Bentancor

N.B. Tafadhali msirekebishe kwanza. Jana, kwenye kisanduku cha cheo changu, niliandika "Mkurugenzi Mkuu wa Teru-Teru", nione itasemaje. Imehifadhiwa. Tangu asubuhi wafanyakazi wenu wananiandikia kuomba likizo, nawe umo. Mmeomba kwa adabu sana, nami nimewakubalia wote. Sikuwa na moyo wa kukataa.