Mguu wa Kushoto wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika ughaibuni. Baridi ya kufa mtu! Chumba kina vitanda viwili, dirisha moja lisilofungika vizuri, na pasi ya kunyooshea nguo ambayo nimekatazwa kuigusa. Pasi ni ya Kitasa, mwenzangu wa chumbani. Kitasa ni mtu wa kwetu, amekaa huku miaka mitano, ndiye beki wa kushoto wa timu. Mimi nimeletwa nimng'oe, maskini ya Mungu. Kanipokea kwa moyo mmoja, kanipa na blanketi lake la pili. Nikajisikia vibaya. Si sana.

Majaribio ni ya wiki moja. Nikifaulu, mkataba. Nikishindwa, narudi nyumbani, na nyumbani hakurudiki. Mtaa mzima ulitoka kuniaga. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kaka yangu hakungoja hata ndege ipae: chumba changu keshakigeuza saluni ya kunyolea, kitanda kakiuza, pale kilipokuwa kaweka kiti cha kuzunguka.

Jioni wakala wangu akapiga simu. Akauliza safari ilikuwaje. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyesahau kufunga bomba, kwamba kuna kijambo kidogo. Timu ilikuwa inatafuta beki anayetumia mguu wa kushoto. Mimi natumia wa kulia. Basi kaichukua video yangu kaigeuza kama kioo: kulia kukawa kushoto, kushoto kukawa kulia, nikanunulika. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema hakutaka kunipa presha.

Mguu wangu wa kushoto! Tangu nizaliwe kazi yake ni kumsindikiza mwenzake.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya kwanza. Kocha ni mtu mpana mwenye sauti kali kuliko filimbi yake. Kanisimamisha mbele ya wachezaji wote, kasema video yangu ameirudia usiku na mchana, hajapata kuona mguu wa kushoto kama ule. Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kisha akasifia maandishi ya kwetu. Ati zile herufi za kifuani kwenye jezi zetu ni nzuri ajabu, zinaonekana za kale. Yarabi! Ni jina la kiwanda cha saruji, limegeuzwa nyuma mbele! Kaniomba nimwandikie binti yake jina lake kwa herufi hizo hizo, anataka kulitia kwenye fremu. Nimeliandika chooni, kwa msaada wa kioo. Kocha kalipokea kwa mikono miwili, kasema watu wetu wana utamaduni.

Uwanjani nikaukwepa mpira kiungwana. Kila ukija upande wangu, nainama kufunga kamba za viatu. Kocha kasema kesho nitatafutiwa viatu visivyo na kamba.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na akili mpya. Mtu wa kushoto ni wa kushoto mwili mzima, hawezi kuwa hivyo miguuni tu. Nikapiga mswaki kwa mkono wa kushoto, nikajichoma puani. Mezani nikashika kijiko kwa kushoto. Mchoto wa kwanza wa supu ulikwenda shingoni. Wa pili ulikwenda kwa kocha, mapajani. Mama angeniona nakula kwa mkono ule, angenitoa kwenye ukoo bila kikao.

Kitasa alinitazama weee, mwisho akauliza kama naumwa bega. Nikamwambia sisi watu wa kushoto ndivyo tunavyokula, yeye wa kushoto mwenzangu anapaswa kujua. Akapaliwa. Akauhamisha uma wake haraka kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na njegere zikamwagika zote.

Wivu tu. Ananiiga.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu kabambe. Nimemwomba mtunza vifaa kiatu cha kulia kinachonibana. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mguu wa kulia ukiteseka vya kutosha, wa kushoto utaona haya na kujitolea. Haukuona haya. Nilichechemea uwanja mzima kama kuku aliyefungwa kamba, mpaka daktari wa timu akanivua kiatu mwenyewe. Kavitazama vidole, kaguna. Kaagiza mguu wa kulia usiguse mpira mpaka Jumamosi. Halafu akanipiga begani: nishukuru Mungu, umeumia ule usio na kazi.

Kocha kusikia hivyo, kafurahi. Kasema basi mchana kutwa nimimine krosi za kushoto. Ya kwanza ikavunja dirisha la jikoni. Ya pili ikampata mpishi, aliyekuwa ametoka kuuliza habari za ile ya kwanza. Kocha kawaambia wenzangu ni uchovu wa safari.

Chumbani nimeviona viatu vya Kitasa chini ya kitanda. Cha kulia kimekwisha soli, kimechanika ubavuni. Cha kushoto utadhani kimetoka dukani jana. Ama kweli huyu ni mchezaji wa kulipwa, anautunza mguu wake kama yai! Nami nimeanza kukipangusa changu cha kushoto kila nikipata nafasi.

Mama kapiga simu. Wananilisha? Nalala? Kasema kaka kaweka televisheni saluni, Jumamosi mtaa mzima utakuja kunitazama. Kasema ananiombea. Nampenda mama yangu, na sitaki anione narudi na begi lile lile alilonifungia yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Mechi. Nilianzia benchi. Kipindi cha pili kocha kamtoa Kitasa, kaniingiza mimi. Sikuwa na wasiwasi, maana wakati naoga nilipata ufumbuzi ambao sijui kwa nini wataalamu hawajauona. Mguu wangu wa kulia uko kulia kwa sababu natazama mbele. Nikigeuka nikalitazama goli letu wenyewe, mguu huo huo unahamia kushoto mwa uwanja! Bila dawa, bila mazoezi!

Basi nikacheza kinyumenyume. Winga wao akachanganyikiwa kabisa, mara mbili alinipa pasi. Kipa wetu akaniuliza kwa ukali namkodolea macho ya nini. Mashabiki wakaanza kuimba kitu kuhusu mimi. Maneno sikuyaelewa, lakini niliwapungia mkono, wa kushoto.

Karibu na mwisho mpira ukanijia kutoka juu, taratibu, kama umetumwa kwangu na mtu anayenipenda. Mguu wa kulia haukuniuliza. Ulikwenda wenyewe. Shuti! Jamani, shuti! Mpira ukapinda, ukapanda, ukaingia kona ya juu kabisa, wavu ukalia. Sijawahi kupiga vile na sidhani kama nitapiga tena. Nikakimbia mikono juu. Nikapiga magoti mbele ya jukwaa, nikabusu jezi. Kwa nini wamenyamaza? Nikageuka. Aliyekuwa anaokota mpira wavuni ni kipa wetu.

Tumefungwa moja bila.

Mama kapiga jioni. Goli hakulitaja, Mungu ambariki. Kauliza tu kwa nini mwanawe alikuwa kaipa mechi mgongo, na kwa nini anahangaika na mguu mbovu wakati mzima anao. Nikamwambia mpira wa huku una ufundi wake. Nyuma yake nilisikia mashine ya kunyolea na kaka akicheka.

Jumapili, 9 Machi

Kocha kaniita ofisini. Ukutani pamoja na picha za timu kuna jina la binti yake kwenye fremu, limegeuka nyuma mbele. Kasema wazi: kushoto sina kitu. Lakini, akasema, lile shuti! Mguu wa kulia wa namna ile hajauona tangu aanze ukocha. Na beki wa kulia ndiye anayemsumbua kichwa misimu miwili sasa. Akavuta droo, akauweka mkataba mezani, juu yake akalaza kalamu. Anataka kitu kimoja tu, nimwambie ukweli. Mimi ni wa kulia? Kama ni wa kulia niseme, hatamlaumu mtu, nisaini, tukanywe chai.

Mtego! Nikaunusa palepale. Mimi si mtoto. Nikikubali, video inafichuka, wakala ananaswa, na mimi napandishwa ndege. Nikasimama nikaapa. Wa kushoto mimi, tangu tumboni! Ukoo wetu wote wa kushoto! Marehemu babu alikuwa akikuna hata sikio la kulia kwa mkono wa kushoto! Lile shuti lilikuwa ajali, naomba radhi, halitajirudia. Kocha akaniuliza tena, polepole, karibu anibembeleze. Nikakaza. Akairudisha kalamu mfukoni, akasema atalifikiria hadi kesho.

Nikaruka ngazi hadi chumbani kumsimulia Kitasa nilivyoukwepa mtego. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye aliacha kutafuna. Akauliza: kweli kocha anatafuta wa kulia? Kweli kasema hatamlaumu mtu? Nikamwapia. Akachomeka pasi, akaanza kunyoosha shati jeupe.

Mtu wa ajabu kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Kitasa kasaini. Beki wa kulia!

Kumbe ni wa kulia tangu kuzaliwa. Kumbe wakala wake ndiye wakala wangu. Kumbe video yake nayo iligeuzwa! Miaka mitano mtu anaishi kwa mguu wa kuazima, na leo asubuhi kavaa shati lake, kaenda kasema yote. Kocha kamkumbatia, kasema timu hii imekosa watu wakweli kama yeye. Mimi nimepewa tiketi na jezi ya kumbukumbu.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia, mbele ya watu, bila aibu. Kitasa akaja akakaa pembeni yangu. Kasema hakulala usiku kucha akingoja niende mimi kwanza kusema kweli. Kasema lile blanketi niende nalo.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumbani. Nalala kwenye kiti cha saluni. Nikijigeuza nacho kinazunguka, naamka nimetazama mlango. Nywele za watu zimeingia hadi masikioni.

Mama kanipakulia chakula, kaniona nimeshika kijiko kwa mkono wa kushoto, kanichapa kofi la mkononi. Mazoea! Nikamweleza kisa chote tangu mwanzo. Kanisikiliza hadi mwisho. Kisha, machozi yakimlenga, kauliza swali moja: kwa nini nisimwambie tu yule kocha kwamba natumia mguu wa kulia?

Nikamwambia mama, mpira wa kulipwa huujui wewe.

Na mchana, nani kapiga? Wakala! Kuna timu nyingine, mbali zaidi, inatafuta beki wa kati mrefu kupindukia. Nikamkumbusha kwamba kaka ananizidi kichwa kizima, na kaka mwenyewe rafu ya juu ya saluni haifikii bila kigoda. Akasema nisiwe na wasiwasi, video inavutika. Nimemwambia avute.

Kaka alikuja na mashine, anataka kunipunguza. Nimemkatalia katakata asiguse hata unywele mmoja wa juu.